Andazi la Sitini na Moja

Wapishi wazuri hawajawahi kuwa haba Korogwe wala Handeni. Pita Manundu kabla jua halijachomoza vizuri, au mitaa ya Chanika, Handeni mjini, wakati watoto wanaelekea shule: barazani pana meza ndogo, juu yake beseni lililofunikwa kitambaa, na ndani mna vitumbua, maandazi, chapati au mihogo ya kukaanga. Walio haba ni wale ambao meza zao zitakuwa pale pale mwakani wakati kama huu. Meza huondoka kimya kimya, na ukimuuliza mwenyewe atakujibu kwa maneno mawili: mtaji umekata.

Jibu hilo linanisumbua kwa sababu nalisikia kwa watu waliofanya karibu kila kitu sawasawa. Waliamka saa kumi alfajiri, chakula kilikuwa kitamu, wateja walikuja na wakarudi. Mtaji haukatiki wenyewe. Kuna mlango ulipotokea, na mafunzo mengi ya ujasiriamali hayaufikii mlango huo: huanza na mapishi, humalizia na vifungashio na nembo, na katikati hapo, kwenye hesabu ya siku moja ya kawaida, huruka. Nataka tukae hapo katikati.

Kwanza niseme kwamba kazi hii si jambo jipya wala si kazi ya waliokosa la kufanya. Miaka ya 1980, mishahara ilipopoteza thamani, wafanyakazi wa serikali wenye elimu zao walikaanga maandazi usiku na kuyatuma yauzwe asubuhi. Mtafiti Aili Mari Tripp aliiona hali hiyo Dar es Salaam mwishoni mwa muongo huo na kuiandika katika kitabu chake cha mwaka 1997, akionyesha kwamba miradi midogo ya wanawake ndiyo iliyobeba familia wakati mshahara hautoshi hata wiki. Na kabla ya hapo, katika ukanda huu wa Korogwe, mashamba ya mkonge yalijaza kambi za manamba, vibarua wa mashamba hayo, waliotoka mbali bila wake wala mama zao. Palipo na watu wengi wasio na jiko, jirani mwenye jiko ana soko.

Kwa hiyo swali la kuanzia ni moja: nani ana njaa, saa ngapi, na yuko umbali gani kutoka jikoni kwangu? Chakula kilichopikwa hakina subira. Kitumbua cha saa kumi na mbili asubuhi kinagombaniwa. Kitumbua kile kile saa nne kimepoa, mafuta yamejitokeza juu, na mnunuzi anaomba apunguziwe. Anayechagua chakula kwanza na saa baadaye hujikuta anapika vizuri kwa ajili ya watu ambao hawapo.

Korogwe na Handeni zimeunganishwa na lami ya kilomita 65 tu, lakini njaa zake hazifanani. Korogwe ni mji wa njia. Reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita hapo kuelekea Mombo na hatimaye Moshi, na leo barabara kuu ya kutoka Chalinze na Segera kwenda Moshi na Arusha inapita hapo hapo. Basi lililoondoka Dar es Salaam alfajiri linaingia ukanda wa Segera na Korogwe jua likiwa limepanda, na yale yanayotoka Arusha na Moshi yanashuka mchana. Njaa ya barabarani, kwa hiyo, ni ya kuanzia kama saa tano hadi saa nane. Mama aliyekaanga saa kumi na moja alfajiri akitegemea abiria anawauzia chakula kilichokwisha umri. Abiria naye ana dakika chache, mkono mmoja umeshika simu au mtoto, na hataki kitu chenye mchuzi. Anataka sambusa, katlesi, yai la kuchemsha, kachori, kipande cha mkate wa kumimina kilichofungwa vizuri. Anayefika dirishani pa basi ni kijana mwenye mbio, kwa hiyo mpishi wa barabarani karibu siku zote ana mtu wa kati, na mtu wa kati lazima apate chake. Tutamrudia huyo.

Korogwe ile ile, hatua chache kutoka barabarani, ina njaa nyingine yenye ratiba ya kuaminika zaidi: Hospitali ya Magunga, ambako kila asubuhi wapo ndugu waliolala na mgonjwa na hawana pa kuwashia jiko, Chuo cha Ualimu, shule za bweni, stendi na madereva wake wa bajaji na bodaboda. Mwenye nyumba karibu na hospitali asiihangaikie barabara kuu. Uji mzito wa ulezi kwenye chupa ya chai, mtori, ndizi za kuchemsha zisizo na mafuta mengi: hivyo ndivyo ndugu wa mgonjwa anavyovitafuta, na havitafuti saa moja asubuhi tu, anavitafuta pia jioni.

Handeni mjini ni habari nyingine. Hapa mteja wako ni mtumishi wa ofisi, mwalimu, mwanafunzi, mfanyabiashara wa siku ya gulio na mkulima aliyeuza mahindi. Huyo wa mwisho ndiye anayetawala mwaka mzima hata kama hajawahi kununua andazi lako, kwa sababu pesa yake ndiyo inayozunguka kwa fundi cherehani, kwa kinyozi na kwa muuza duka. Mvua za Handeni ni za kubahatisha. Masika yakiwa bado shambani, kuanzia kama Aprili hadi Juni, ghala limekwisha na mahindi mapya bado. Miezi hiyo mambo mawili hutokea kwa pamoja: bei ya mahindi na maharage inapanda, na mteja anapungukiwa. Anayeuza makande, ugali na maharage, au uji wa dona, anabanwa pande zote mbili katika mwezi mmoja. Wanaovuka salama ni wale walionunua magunia yao wakati wa mavuno na kuyahifadhi vizuri, au waliohamia kwenye vyakula vya bei ya chini kama mihogo. Bada, yaani ugali wa muhogo, na mihogo ya nazi ni vyakula vya wenyeji wa ukanda huu, na muhogo hustahimili ukame ambao mahindi hayaustahimili. Nashangaa kuona wengi wanaoanza wakikimbilia ngano inayotoka mbali, huku muhogo wa shamba la jirani ukiwa hapo.

Kalenda ina mambo mengine pia. Shule hufungwa Juni na Desemba, na anayewauzia wanafunzi peke yao ajue ana miezi kumi tu ya biashara. Mwaka 2020 shule zilifungwa kuanzia 17 Machi, na za msingi na sekondari zikafunguliwa tena 29 Juni. Aliyekuwa na lango moja tu la shule alikaa zaidi ya miezi mitatu bila mteja. Mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, unaopita katika wilaya hizi, umeleta wateja wenye pesa, lakini mteja wa mradi huondoka na mradi. Ramadhani, kwa upande mwingine, ni mwezi wenye saa moja iliyo wazi kuliko zote: kati ya alasiri na magharibi, nyumba nyingi hununua futari badala ya kuipika yote, na mama mwenye sufuria za magimbi, viazi vitamu, tambi na maharage ya nazi barazani anaweza kuuza kwa siku moja kiasi ambacho Shaaban kingemchukua siku tatu.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Chukua bei za dukani kwako uweke mahali pa bei zangu. Hizi ni za kukadiria tu, ila mpangilio wake haubadiliki.

Tuseme unakaanga maandazi ya kilo 2 za unga. Unga kwa 2,000 kilo moja ni 4,000. Sukari robo kilo, 750. Nazi moja, 1,000. Mafuta yatakayonyweka, nusu lita, 2,500. Hamira, iliki na chumvi, 500. Mkaa, 1,500. Karatasi za kufungia, 500. Jumla ni shilingi 10,750. Unapata maandazi 60, unauza 200 kila moja, unashika 12,000. Faida ni 1,250.

Hiyo 1,250 ndiyo siku yako nzima, kabla hujalipia maji na kabla hujajilipa. Sasa tazama kinachotokea nyumbani. Watoto wanne na baba yao wamekunywa chai na maandazi matano. Jirani na shemeji wamechukua manne, watalipa mwisho wa mwezi. Maandazi tisa ni shilingi 1,800. Umeshika 10,200 badala ya 12,000, na kesho unahitaji 10,750 ili kupika tena. Umepungukiwa na 550. Hujaona hasara yoyote. Beseni limeisha, mkono una noti, watu wamesifu. Lakini kila asubuhi 550 inatoka kwenye mtaji, na mtaji wa 10,750 utakuwa umeisha kabla siku ya ishirini haijatimia. Huo ndio mlango niliousema.

Simlaumu mama aliyewapa wanawe chai. Nyumba lazima ile. Ninachosema ni kwamba nyumba inunue. Weka kopo la biashara, na kila andazi linaloliwa nyumbani liingie koponi kwa pesa ya matumizi ya nyumba, kwa bei ile ile ya mteja au angalau kwa bei ya gharama. Wengi hucheka wakisikia hili, kwamba mtu ajilipe mwenyewe. Wakishalifanya kwa mwezi mmoja wanaona jambo ambalo hawakuwahi kuliona: ni kiasi gani biashara ilikuwa ikiilisha familia bila kutajwa. Waume wengi husema biashara ya mke haina faida, na kumbe chai ya nyumba nzima ilitoka humo kwa mwaka mzima. Hesabu hii inampa mwanamke heshima anayostahili ndani ya nyumba yake, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kushika kalamu.

Mali kauli, yaani kuuza kwa mkopo, ni suala gumu zaidi, kwa sababu barazani kwako huuzi kwa wageni. Unauza kwa mtu aliyekuja kwenye msiba wenu, ambaye kesho utamwomba chumvi. Kuwakatalia wote haiwezekani, na anayekushauri hivyo hajaishi mtaani. Linalowezekana ni kikomo: mwenye mshahara unaojulikana tarehe, jina lake daftarini, kiasi kisichozidi faida yako ya siku mbili, na asiyemaliza la zamani hapati jipya. Daftari likae juu ya meza, wazi, kila mtu alione. Ukilificha, deni linakuwa siri kati yako na mdaiwa, na siri hailipwi.

Jiko lenyewe lina matundu yake. Chukua vitumbua. Mchele umelowekwa tangu jioni, umesagwa pamoja na tui, hamira na iliki, na sasa uji umeumuka hadi unapumua juu ya ndoo. Chuma kimekaa mkaani. Mpishi anadondosha mafuta katika kila shimo, anasubiri yaanze kutetemeka, anamimina uji nusu shimo, anangoja ukingo ukauke rangi ya kahawia, kisha anaupindua kwa ncha ya kijiti. Mkono wake unakwenda bila yeye kuutazama. Sasa mpe kijiko cha chai ili apimie mafuta yale: kijiko kimoja ni mililita 5. Vitumbua 60 vitakula mililita 300. Mkono usiopima humimina 8 kirahisi, na hapo vinakula 480. Tofauti ya mililita 180, kwa mafuta ya 5,000 lita moja, ni shilingi 900 kila siku, karibu robo tatu ya faida yote tuliyoihesabu kwenye maandazi. Na kitumbua chenye mafuta mengi si kitamu zaidi. Zaidi ya hapo, mafuta yenyewe wengi huyanunua ya kupima, kidogo kidogo kila siku, kwa bei ambayo ukiizidisha hadi lita inazidi ya mwenye dumu.

Mkaa na maji vinahitaji mistari yao daftarini. Handeni imeuchomea mkaa mji wa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na miti inavyozidi kusogea mbali ndivyo gunia linavyopanda bei hata kwa wenyeji. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa mpishi wa nyumbani gesi si suala la mazingira peke yake: moto wake unazimwa andazi la mwisho linapotoka, wakati mkaa unaendelea kuwaka bila kazi. Pima wiki moja moja, uandike, uone. Maji nayo, kwa Handeni, ni gharama kamili. Mji huu umehangaika na maji kwa vizazi, tangu enzi za bomba kuu la HTM (Handeni Trunk Main) linalotegemea Mto Pangani, na sasa Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika mradi wa maji wa miji 28 uliokopewa fedha India. Katika mtaa ambako ndoo bado inanunuliwa, mwenye biashara ya juisi na uji aandike kila ndoo, pamoja na ile ya kuoshea vyombo, ambayo ndiyo husahauliwa.

Sasa turudi kwa mtu wa kati. Umeona soko lipo, unataka kuongeza. Unapika kilo 4. Unga 8,000, sukari 1,500, nazi 2,000, mafuta 5,000, karatasi 1,000. Lakini mkaa hauongezeki mara mbili, tuseme 2,200, na hamira na iliki 800. Jumla 20,500. Ukiuza yote 120 kwa 200 unashika 24,000, faida 3,500. Unga umeongezeka mara mbili na faida imekaribia mara tatu. Hapo ndipo watu wanapofurahi na kuongeza kilo.

Lakini barazani kwako wateja ni wa maandazi 60. Sitini ya pili unampa mwenye kibanda cha chai stendi, naye anataka kununua kwa 150 ili auze 200. Inaonekana ni biashara nzuri, pesa taslimu, kwa mkupuo. Tazama andazi la sitini na moja limekugharimu kiasi gani. Gharama ya kilo 4 ukiondoa gharama ya kilo 2 ni 9,750. Gawa kwa 60, unapata 162 na senti 50. Ukiliuza 150, kila andazi linakula shilingi 12 na nusu kutoka kwenye faida ya lile la barazani. Mwisho wa siku faida yako imeshuka kutoka 1,250 hadi 500, na umefanya kazi mara mbili. Ukimshawishi akupe 170, faida inapanda hadi 1,700. Kati ya 150 na 170 kuna shilingi 20 tu, na ndizo zinazoamua kama mtoto atapata daftari. Nimeona watu wakijadiliana bei hiyo kwa dakika nzima bila mmoja wao kujua mstari wa hatari uko wapi. Ujue mstari wako kabla hujakwenda stendi. Na kama mwenye kibanda hawezi kutoa 170, mpe andazi dogo zaidi kwa 150, lenye uzito uliopimwa, badala ya kumpa lile lile kwa hasara.

Vyakula vinavyokaa, kama siagi ya karanga, unga wa lishe, achari ya embe, ubuyu na krispi za mihogo, vinakuondolea adha ya saa ila vinakuletea adha ya sheria, na ni haki iwe hivyo, maana chakula cha kopo kinakwenda kuliwa na mtu asiyekujua. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihama kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda shirika la viwango, TBS. Njia inayofaa kwa mdogo ni kupitia SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi hii hasa. Serikali imekuwa ikibeba gharama za mwanzo za alama ya ubora kwa wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO. Ofisi ya mkoa iko Tanga mjini, nauli yake si kubwa ukilinganisha na unachokwenda kupata.

Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu ya karanga na mahindi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi waliyokula nyumbani kwao. Sumu hiyo hutoka kwenye ukungu unaoota nafaka na karanga zisipokauka vizuri, haina harufu ya kukuonya, na kuikaanga au kuichemsha hakuimalizi. Unga wa lishe huchanganya mahindi na karanga, tena mlaji wake mkubwa ni mtoto mdogo. Kwa hiyo karanga zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye rangi ya kijani au nyeusi zisiingie kinuni hata kama umezilipia. Mimi nadhani asiyekuwa tayari kuchambua karanga moja moja asiuze unga wa lishe. Auze maandazi.

Juisi za machungwa nazo zinavutia, hasa msimu ambapo machungwa ya Handeni na Muheza yanalundikana barabarani kwa bei ya kutupa. Lakini juisi mbichi ni chakula cha siku hiyo hiyo, na ndiyo ya kwanza kupigwa marufuku ugonjwa ukiingia. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 Dar es Salaam kilienea mikoa mingi, na uuzaji wa vyakula na vinywaji mitaani ukazuiwa huko na kwingineko, bila kutofautisha msafi na mchafu. Kinga ya mpishi wa nyumbani ni kuwa amejulikana mapema na afisa afya wa kata: amepima afya, ana karatasi yake, choo na mahali pa kuoshea vyombo vimekaguliwa. Wengi humkimbia afisa huyo. Afadhali umkaribishe wewe kabla hajaletwa na malalamiko. Na vifungashio: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, kwa hiyo usimpe mteja wako kitu kitakachowaletea nyote faini.

Kuhusu kodi, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Maandazi 60 kwa siku, siku 300, ni milioni 3.6. Umo ndani. Lakini ukifika 120 kwa bei ya rejareja, mauzo ni milioni 7.2, na faida, kwa hesabu yetu, ni milioni 1 na elfu 50. Kodi ya mfanyabiashara mdogo inahesabiwa kwa mauzo, si kwa faida, na biashara ya chakula ni biashara ya mauzo makubwa na faida nyembamba. Katika viwango vya mamlaka ya mapato, TRA, vya miaka ya karibuni, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiyetunza kumbukumbu hulipa 250,000. Anayetunza hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwa milioni 7.2 hiyo ni 96,000. Daftari la shilingi elfu moja limeokoa 154,000. Viwango hupitiwa katika bajeti ya kila Juni, kwa hiyo uliza ofisi ya TRA iliyo karibu kila mwaka mpya wa fedha unapoanza, na TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure.

Linabaki suala la mtaji wa kuanzia, na hapa naongea kwa uchungu. Mikopo inayoitwa kausha damu imeingia hadi vijijini. Tuseme umekopa 100,000 na unarejesha 4,500 kila siku kwa siku 30, jumla 135,000. Biashara nzuri tuliyoihesabu, ile ya maandazi 120 yote yakiuzwa kwa 200, inaleta 3,500 kwa siku. Hakuna andazi linaloweza kulipa 4,500. Atakayelipa ni kitanda, sufuria, na hatimaye aibu ya kujificha ndani mkopeshaji anapobisha hodi. Biashara ya 10,750 haihitaji mkopo wa laki moja. Inahitaji 10,750 na akiba ya siku mbili.

Anayetaka kukua kwa kweli aanze na mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya matatizo ya urejeshaji na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vikundi vingi huundwa siku fomu zinapotoka, na hugawana pesa siku inapofika, kisha kila mmoja na lwake. Ningependa halmashauri za Korogwe na Handeni zikitazame kikundi cha chakula kwa swali moja: mnanunua nini pamoja?

Maana hata kabla ya mkopo, wanawake watano wa mtaa mmoja, kila mmoja akiwa na kilo zake 2 za unga kwa siku, wanaweza kununua mfuko wa kilo 50. Tuseme mfuko ni 90,000, yaani 1,800 kilo badala ya 2,000. Kila mmoja anaokoa 400 kwa siku, na faida yake ya 1,250 inakuwa 1,650, bila kuongeza mteja hata mmoja wala kukaanga andazi moja zaidi. Kuanza kunahitaji kila mmoja atoe 18,000, kiasi ambacho mzunguko mmoja wa mchezo wa kuchangishana mtaani unakitimiza. Mmoja mwenye chumba kikavu atunze mfuko juu ya mbao, mwingine ashike daftari, unga upimwe kwa mizani na si kwa kopo. Kwa kilo 10 kwa siku, mfuko unaisha siku ya tano, na siku ya nne jioni ndipo pesa ya mfuko unaofuata inapokusanywa.